Salamu ya Mlango wa Nyuma

Kila mwaka msimu wa Mzunguko ukifika, watangazaji wa televisheni huanza kusimulia habari ya Salamu, na kila mwaka mimi hurusha kitana. Wateja wangu wa saluni wameshanizoea. Wakisikia tu "wapenzi watazamaji, desturi hii ya kupendeza," wanainamisha vichwa. Wanaikosea, jamani! Mmoja alisema ilianzishwa na kamati. Kamati! Kamati haijawahi kuanzisha kitu zaidi ya kikao kingine. Mwenzake akasema ilitokana na uungwana wa wakongwe. Hao waungwana mimi nawajua, mmoja wao ni baba yangu mzazi, na Salamu ilizaliwa kwa sababu siku moja uungwana ulimpotea mbele ya mtaa mzima.

Kwa asiyejua, Mzunguko ni mbio za baiskeli za nchi nzima. Si mbio za kumaliza asubuhi ukarudi nyumbani kula mchana. Wanaendesha leo, wanalala, wanaamka na maumivu yao, wanaendesha tena, mpaka wiki zinakwisha. Muda wa kila siku unajumlishwa, na mwenye muda mfupi kuliko wote huvaa fulana ya rangi ya chungwa. Siku hizi ni kazi ya mshahara. Timu zina mabasi yenye vitanda na wapishi, na kila mpanda baiskeli ana kidude sikioni cha kumwambia nenda, ngoja, kunywa maji. Mwaka wa kwanza hapakuwa na vidude. Aliyeanzisha alikuwa muuza matairi, alitaka watu waone kwamba matairi yake hayapasuki. Yalipasuka yote. Watu wakazipenda mbio, matairi wakayasahau. Walioshindana walikuwa wabeba barua, wauza maziwa, na wasambaza mikate kama baba. Walilala juu ya madawati ya shule, wakavaa suruali za kazini zilizokatwa magotini, na ile fulana ya chungwa ilikuwa moja tu, inafuliwa jioni na kuvaliwa mbichi asubuhi.

Baba walimwita Kichwa Chini. Akishaanza kukanyaga, macho yote kwenye tairi la mbele, basi. Ungeweza kupitisha harusi pembeni yake asiione. Mwaka huo wa kwanza barabara kubwa ilikuwa hii yetu, inayopita mbele ya nyumba. Mama alikuwa amejifungua si zamani, na mtoto ndiye mimi. Akanibeba, akachemsha chai, akaijaza kwenye kikombe kikubwa cha bati, akaenda kusimama barabarani na majirani. Alikuwa ameshawatangazia: mume wangu akifika hapa atasimama, atakunywa, atambusu mtoto, ndiyo ataendelea.

Baba akatokea. Peke yake! Wenzake amewaacha huko nyuma, hata vumbi lao halionekani. Vigelegele vikapigwa. Mama akanyoosha kikombe. Na Kichwa Chini akapita. Hakupunguza mwendo, hakugeuza shingo, hakumwona mke wala mtoto wala nyumba aliyoipaka rangi kwa mikono yake mwenyewe. Mama akabaki mkono umenyooka hewani. Mwanamke mmoja jirani akacheka, na kicheko chake mama anaweza kukuigizia mpaka leo. Chai ikapoa kikombeni.

Na huko kushinda kwenyewe hakushinda, walimdaka karibu na mwisho. Mzunguko ulipokwisha akarudi nyumbani amekonda, anatabasamu, anategemea kupokewa. Mama alikuwa mlangoni. Akamwambia neno moja tu: "Umepita." Akaingia ndani. Baba aliniambia mwenyewe kwamba angepigwa mwiko wa kichwa angeona nafuu.

Mwaka uliofuata wenzake wakaja kumchukua waende wote kwenye mbio. Mama akawazibia mlango. Akawauliza, "Mtu anayepita kwake kama hapajui, anakimbilia wapi? Nyie wote mna wake, mna mama zenu. Mkipita bila kuwasalimia, msirudi kuomba maji ya kuoga!" Wanaume wazima, miguu imejaa misuli, wakaondoka wameinamisha macho. Siku chache baadaye mbio zikapita kwa kina mbeba barua mmoja. Bila kuambizana, kundi zima likapunguza mwendo. Wakamwacha atangulie, akasimama, akamkumbatia mama yake, wakamfikia, akaingia kundini wakaendelea. Hiyo ndiyo Salamu. Haimo kwenye kanuni yoyote, lakini mpaka leo ukimkimbia mwenzako wakati yuko kwao anasalimia, utaendesha peke yako maisha yako yote.

Ila mama aliyeizaa hakuipata. Barabara kuu ilihamishwa nje ya mji, hii yetu ikabaki ya mtaa, na Mzunguko haukupita tena hapa. Baba aliendesha miaka mingine kadhaa mpaka magoti yakamkatalia. Alichofanya ni kusimama kila siku. Hakulipita geti hili bila kusimama, hata kama ametoka sasa hivi akasahau kofia. Alikuwa akipiga kengele ya baiskeli mara mbili, kisha anaita, "Wenyewe mpo?" Na mama anajibu kutoka ndani, "Tupo!" Hatoki. Walipendana, tusidanganyane, walikuwa wakicheka chumbani kwao mpaka sisi watoto tunagonga ukuta. Lakini kutoka nje kusimama barabarani kwa ajili ya baiskeli, hilo mama alisema halitamtokea tena.

Baba alipofariki, kengele ikanyamaza.  Saa zile za jioni nilikuwa namkuta mama ameacha kufanya anachofanya, ametega sikio, kisha anaendelea.

Sasa nina mdogo wangu wa mwisho. Huyo ndiye aliyerithi miguu ya baba, na kazi yake ni hiyo hiyo ya Mzunguko, mwaka wa kumi na ngapi sijui. Wanamwita Chupa. Hajawahi kushinda hata siku moja, wala haikuwa kazi yake kushinda. Kazi yake ni kurudi nyuma kwenye gari la timu, kujaza chupa za maji mgongoni na kifuani mpaka anavimba, kisha kukanyaga kwa nguvu awafikie mabingwa awagawie. Mama hajawahi kumtazama. Televisheni ikionyesha baiskeli, anatoka nje. Jioni ananiuliza swali moja tu, "Amekula?" nami namwambia amekula.

Mwaka huu basi, kwa kuwa Mzunguko unaadhimisha kuzaliwa kwake, wakubwa wakaamua ufuate njia ya mwaka wa kwanza. Ile ile. Niliposikia niliruka nikamwacha mteja kichwa kimejaa povu. Mbele ya nyumba yetu! Mbele ya saluni yangu! Chupa akanipigia simu siku hiyo hiyo.

"Dada, huu ni wa mwisho kwangu," akasema. "Mgongo umekataa. Nitasimama hapo kwetu. Nakuomba kitu kimoja tu."

"Sema."

"Mtoe mama nje. Nikisimama na yeye hayupo, nitakuwa nimesimamia nini?"

Nikamwambia hilo ni dogo, niachie mimi. Dogo! Nilikwenda kwa mama jikoni nimejawa na tabasamu.

"Mama, Jumamosi utavaa gauni lipi?"

"La kufulia. Jumamosi nafua."

"Mzunguko unapita hapa mlangoni."

"Upite. Barabara si yangu."

"Mwanao atasimama, mama."

"Na baba yake tuliambiwa atasimama."

Nikajaribu kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia majirani wote wanamwulizia, wanasema bila yeye haitapendeza. Akaniuliza, "Majirani wale wale waliocheka?" Nikamwambia yule aliyecheka alishahama, na wengine walishakufa. Akasema, "Kicheko hakijafa," akanigeuzia mgongo akaendelea kukatakata vitunguu. Mama yangu akishakataa, hata ungeleta winchi. Nilikasirika, nikatoka nikapigiza mlango, kisha nikarudi kuomba radhi kwa sababu mlango ule una kioo.

Nikasema moyoni, nitaandaa mapokezi ya kumtoa mtu chumbani kwa nguvu ya shangwe peke yake. Nikapanga viti vyote vya saluni kando ya barabara, vile vya kuzunguka, wageni wakae kwa raha. Nikashona kitambaa kirefu cha kutundika juu ya barabara kutoka upande huu hadi ule, kimeandikwa jina la utani la baba kwa herufi za kuonekana mwezini. Kilichobaki ni nguzo. Kwa nguzo nikamwita mume wangu.

Mume wangu ni fundi bomba. Mtu mpole, maneno machache, na mengi katika hayo machache ni "sawa mke wangu." Asubuhi ya Jumamosi akaja na mtaimbo wake. Nikamwonyesha pa kuchimba. Nikamwuliza, maana mimi si mjinga, "Hapa chini hakuna bomba?"

"Bomba kubwa liko upande ule," akasema, kifua mbele. "Nani alililaza? Si mimi mwenyewe? Nalijua kama kiganja changu."

Akainua mtaimbo, akashusha. Akainua, akashusha. Mara ya tatu ardhi ikajibu. Maji yalipanda juu ya paa la saluni, haki ya Mungu, yakashuka kwenye viti, kwenye kitambaa, kwenye majirani waliokwishavaa nguo za sikukuu. Mume wangu akabaki amesimama katikati na mtaimbo wake, maji yanamporomokea kichwani, na kwa utulivu ule ule wa siku zote akasema, "Kumbe tulilihamishia huku."

Nilipomaliza kupiga kelele, barabara ilikuwa imeshafanya shimo la kumeza gari. Msimamizi mmoja wa mbio akafika na pikipiki, shati jeupe, filimbi shingoni. Akatazama shimo, akatazama viatu vyake, akasema hapa hapapitiki, mbio zitapita barabara ya chini. Barabara ya chini iko kule ng'ambo ya soko! Nilimsihi, nikamtukana kidogo, nikamsihi tena. Akaandika kitu kwenye simu yake, akaondoka. Nikampigia Chupa, simu imezimwa. Walikuwa wameshaanza mbio.

Mama akachungulia kutoka uani, mikono imejaa povu. "Kuna nini huko mbele?"

"Bomba limepasuka."

"Afadhali nimeshateka ya kwangu," akasema, akarudi kwenye beseni lake.

Sikuwa na la kufanya. Nikaingia saluni nikakaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, sijaiwasha, nikalia. Mimi si mtu wa kulia, muulize yeyote. Nililia kwa sababu mdogo wangu aliomba kitu kimoja, na mimi kwa kiherehere changu nilikuwa nimeifukuza barabara yenyewe. Majirani waliolowa wakaingia mmoja mmoja, wakajifunika mataulo yangu, wakawasha televisheni. Mteja mmoja aliyesukwa nusu kichwa akanishika bega akasema pole shoga. Mume wangu alikuwa nje, maji yamemfika kiunoni, anatafuta pa kufungia.

Televisheni ikaonyesha kundi likikaribia mji. Mtangazaji akaanza, "Wapenzi watazamaji, tumepata taarifa kuwa kule barabara ya chini lori la saruji limekwama, kwa hiyo wapanda baiskeli wanaelekezwa njia nyingine." Sikumjali. Mambo ya lori hayakunihusu tena. Helikopta ikaonyesha mapaa, tenki jekundu la maji, njia nyembamba anayopita mzoa taka, halafu kamba ya nguo yenye mashuka mawili ya maua makubwa ya zambarau.

Nikasimama. Mashuka yale nayajua. Nililetewa zawadi ya harusi, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye angekubali kuyalalia.

"Uani kwetu!" nikapiga ukelele. "Jamani, hapo ni uani kwetu!"

Na kweli, pale pale kwenye televisheni, pembeni mwa mashuka, mtu mdogo ameinama juu ya beseni. Mama yangu. Anafua, hana habari. "Sielewi kinachotokea," mtangazaji akasema, "kundi limepunguza mwendo kabisa. Kuna mmoja wamemwacha atangulie. Ni yule mbeba chupa." Na nyuma ya nyumba yetu, kwenye ile njia ya taka aliyokuwa akicheza mpira utotoni, akatokea mwendesha baiskeli mmoja peke yake.

Nilikimbia. Niliangusha kiti, nikaangusha ndoo ya vipodozi, nikapita sebuleni, koridoni, jikoni. Kwenye mlango wa uani pumzi ikaniishia nikashika fremu. Nilitaka kuita, "Mama, geti!" Sauti haikutoka. Mimi, mwenye domo hili!

Baiskeli za mbio hazina kengele. Nikasikia geti la bati likigongwa na chupa, mara mbili. Halafu sauti.

"Wenyewe mpo?"

Sikuwa nimewahi kugundua kwamba mdogo wangu ana sauti ya baba.

"Tupo!" mama akajibu, bila kuinua kichwa, anakamua foronya. Ilimtoka tu, kama ilivyomtoka maisha yake yote. Kisha mikono ikasimama. Foronya ikateleza ikaanguka kwenye povu. Mama akajinyoosha taratibu, akabaki amelitazama geti. Akaenda. Akavuta komeo.

Chupa alikuwa amesimama nje, mguu mmoja juu ya kikanyagio na mwingine chini kwenye vumbi. Amelowa jasho, mvi zimeanza kidevuni, chupa zimemjaa mgongoni.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitika. Alimtazama usoni, akautazama mguu ule uliokanyaga chini, akarudi usoni.

"Umesimama," akasema.

"Nimesimama, mama."

Mama akageuka, akarudi hadi kando ya beseni, akaokota kikombe chake cha bati, kile kile, kimebonyea, na chai aliyokuwa anakunywa huku anafua. Akampelekea. Chupa akagusa ukingo kwa mdomo.

"Imepoa, mama."

"Najua imepoa. Kunywa."

Akainywa yote, mpaka majani ya chini. Akamrudishia kikombe. Mama akamshika mashavu yote mawili kwa mikono yenye povu, akasema, "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Na hapo ndipo tuliposikia minyororo ya baiskeli nyingi ikilia tik-tik-tik kwenye kona.

Basi mama yangu, mwanamke aliyenuna miaka yote hiyo kwa sababu mtu hakusimama, akaanza kumfukuza aliyesimama! "Sasa unangoja nini? Wenzio hao! Nenda, mtoto, utaachwa! Hebu nenda!" Anamsukuma kwa kikombe. Mimi huku mlangoni nacheka na machozi yananitiririka mpaka kwenye aproni.

"Hawaniachi, mama," Chupa akasema. "Tulia uwaone."

Kundi likaingia kwenye njia yetu ya taka, polepole, mwendo wa mtu anayetafuta namba ya nyumba. Mbele yao kijana wa fulana ya chungwa, bingwa mwenyewe, yule ambaye picha yake iko kwenye mabasi. Alipofika getini akavua miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akasema, ameshtuka.

Wa pili naye, shikamoo mama. Wa tatu. Wa nne na wa tano kwa pamoja. Wote, jamani! Mpaka wageni kutoka nchi za mbali wasiojua maana ya neno, waliofundishwa asubuhi ile kwenye mstari wa kuanzia. Maana Chupa alikuwa amewaambia. Kila anayeendesha Mzunguko anaijua hadithi ya mwanamke wa kikombe, wanaisimuliana mezani, lakini walidhani ni hadithi tu, kama zile za kulaza watoto. Chupa akawaambia yupo, yuko hai, ni mama yangu, tunapita kwake leo, na hakuna mtu mbioni aliyewahi kusimama kwa ajili yake. Mbio zilipohamishiwa barabara ya chini wakasikitika. Zilipohamishwa mara ya pili, Chupa akapaza sauti katikati ya kundi kwamba hii njia inapita uani kwetu, na bingwa mwenyewe akamwambia tangulia.

Mama alikuwa ameshika geti kwa mkono mmoja. "Marahaba. Marahaba. Marahaba baba. Na wewe marahaba, kula, umekonda. Marahaba! Ah, jamani mtanichosha! Marahaba." Mama yangu mzima alikuwa anang'aa. Helikopta ikashuka kidogo, mashuka ya zambarau yakaanza kupepea kwa fujo, na mama akaitazama juu akauliza, "Na huyo naye anataka salamu?"

Kundi lilipokaribia kwisha, Chupa akapanda. Mama akamwekea kiganja nyuma ya kaptula, akamsukuma kwa nguvu zake zote, hatua mbili tatu mbio na kanga imemlegea. Chupa akaingia katikati ya wenzake. Mgongoni mwa kaptula yake likabaki povu lenye vidole vitano, na nchi nzima ililiona kwenye televisheni.

Nilidhani mama atarudi kwenye beseni. Hakurudi. Alinipita mlangoni kama hanioni, akapita jikoni, koridoni, sebuleni, akaingia saluni kwa miguu mitupu. Watu wote wakampisha. Akamwangalia yule mteja aliyesukwa nusu kichwa, mteja akamwachia kiti. Mama akakaa, akaelekeza macho kwenye televisheni, mtu ambaye baiskeli ikitokea alikuwa anatoka nje.

"Yuko wapi?" akauliza.

Tukamwonyesha. Akatazama mpaka mwisho. Aliuliza kwa nini wanakaa nyuma ya migongo ya wenzao, nikamweleza ni kukwepa upepo. Aliuliza kwa nini mwanawe anarudi nyuma kila mara, nikamweleza habari za chupa. "Yaani wote hao wanakunywa kwa sababu yake?" Nikamwambia ndiyo. Akavuta kiti mbele.

Chupa alichoka vibaya siku ile. Chai ya baridi, kusimama, kilima cha mwisho. Alifika mstarini wakati watu wanaanza kukunja viti, akabaki mmoja tu nyuma yake. Mama akapiga makofi.

"Mmeona? Wa pili!"

"Wa pili kutoka mwisho, mama," nikasema.

"Sikuuliza kutoka wapi."

Jioni Chupa akapiga simu, nikaiweka sauti ya juu tusikie wote. Alisema miguu haimsikii, amelala chini sakafuni, hawezi hata kupanda kitanda. Kisha akasita. "Mama, ile kugonga mara mbili... sikujua kama itakuuma."

Mama akaanza kukifuta kile kikombe cha bati kwa pindo la kanga, nje na ndani, ingawa kilikuwa kikavu.

"Unadhani nilimwitikia nani?" akamwuliza. "Niliwaitikia wote wawili. Mmesimama wote wawili. Haya, umekula?"

Chupa akavuta kamasi. Mimi nami nikajifanya natafuta kitana.

Mume wangu ndiye aliyetuokoa. Aliingia wakati huo huo, matope mpaka kwenye nyusi, akasema bomba ameshalifunga kwa muda, kesho atalirekebisha na kulirudisha upande wake. Akasema, na huyo ni mtu asiyejua kusema uongo vizuri, kwamba ukweli alilitoboa makusudi. Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

"Usiharakishe," mama akamwambia. "Mwakani wapite tena huku huku nyuma. Mbele kuna vumbi."

"Mama," nikasema, "mwakani Chupa hayumo. Si amestaafu?"

"Najua," akasema, akainuka, akaenda kukitundika kikombe kwenye msumari wake. "Wapite tu. Nitawatolea chai, na safari hii nitaiweka kwenye chupa ya chai, isipoe."